Aliyejua Kwamba Matuta ni Mafupi

Tarehe 29 Januari 1953, mhandisi Johan van Veen aliwakabidhi wakuu wake mpango wa kuziba midomo ya mito na hori za kusini-magharibi mwa Uholanzi. Alikuwa mtumishi wa Rijkswaterstaat, idara ya serikali inayosimamia maji ya nchi hiyo. Siku mbili baadaye dhoruba kutoka kaskazini-magharibi iliyasukuma maji ya Bahari ya Kaskazini kuelekea ile kona nyembamba iliyo kati ya Uholanzi na Uingereza, na usiku wa kuamkia Februari mosi yakakutana na maji ya bamvua. Matuta ya kuzuia bahari yakapasuka mahali pengi. Uholanzi peke yake ilizika watu 1,836, na Uingereza zaidi ya 300. Ilikuwa usiku wa Jumamosi. Redio ilizima mitambo saa sita usiku kama desturi yake, na maonyo yaliyokuwa yametumwa kwa telegramu yaliwafikia wachache. Wengine waliamshwa na maji yenyewe.

Van Veen hakuwa amebahatisha. Tangu miaka ya 1930 hesabu zake zilimwonyesha kwamba matuta ya eneo hilo ni mafupi mno. Aliwaambia wakubwa, akaandika ripoti, akachora mpango baada ya mpango. Waliokuwa wakilala nyuma ya matuta hayo hawakuambiwa.

Kisa hicho kinanirudia kila ninaposoma habari za wanasayansi wanaotumia umri wao wote kukokotoa maji ya bahari yatafika wapi siku ya dhoruba. Kazi yao inaishia wapi? Wapo wanaosema inaishia kwenye namba: mwanasayansi akokotoe, aandike, amkabidhi mwenye mamlaka, anyamaze. Wapo wanaosema namba ya namna hiyo ni amana ya watu wote, na anayeinyamazia ana sehemu yake katika msiba. Zamani nilikuwa upande wa pili bila kusita. Bado nina mwelekeo huo, lakini hoja za upande wa kwanza ni nzito kuliko nilivyodhani, na hazistahili kupitwa juu juu.

Kwanza tuione kazi yenyewe, maana ugumu wa kusema unatokana na jinsi namba inavyopatikana.

Maji ya bahari hupanda na kushuka kwa sababu zinazojulikana, na kupwa na kujaa kunaweza kutabiriwa miaka mingi mbele. Mvuvi yeyote anajua siku za bamvua na siku za maji mafu kwa kuutazama mwezi. Dhoruba haina kalenda. Inapokuja, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Mgandamizo wa hewa hushuka katikati ya dhoruba, na kwa kila hektopaskali moja inayopungua, uso wa bahari huinuka takribani sentimita moja. Kimbunga Katrina kilipoingia nchi kavu mwaka 2005 mgandamizo wake ulikuwa kama hektopaskali 920, pungufu ya kawaida kwa 90 na ushee. Hapo bahari ilipata kama sentimita 90 tu. Lakini katika pwani ya Mississippi, Marekani, maji yalifika karibu mita 8.5. Mita zote zilizobaki zilitokana na upepo na mawimbi, na hasa na umbo la sakafu ya bahari: pwani ile ina kina kifupi kwa masafa marefu, na upepo unaoburuta maji juu ya kina kifupi huyarundika kwa sababu hayana pa kurudi kwa chini. Upepo uleule ukipiga kwenye pwani yenye kina kirefu unaweza kuinua maji kidogo tu.

Kwa hiyo anayetaka kujua maji yatafika wapi hana budi kujua kina cha bahari mahali hadi mahali, umbo la ufuko, urefu wa kila tuta na kila barabara iliyoinuliwa, msuguano wa mikoko na majani na majumba, kisha upepo na mgandamizo kwa kila saa. Milinganyo inayounganisha haya ni ya zamani. Msingi wake uliwekwa na Mfaransa Saint-Venant katika karne ya 19. Inasema mambo mawili ambayo hayana ubishi: maji hayapotei, na hayabadilishi mwendo bila kusukumwa. Ugumu uko katika kuyapigia hesabu hayo mahali pengi mno kwa wakati mmoja. Modeli ya kompyuta iitwayo ADCIRC, iliyoanzishwa na Rick Luettich na Joannes Westerink mwanzoni mwa miaka ya 1990, hugawanya bahari na nchi kavu katika pembetatu, kubwa kule baharini na ndogo sana mjini, na pembe zake zinaweza kufika mamilioni. Modeli nyingine ya Marekani, SLOSH, aliyoiongoza Chester Jelesnianski, ni nyepesi zaidi na hufanya kazi haraka. Wenyewe wanakadiria kwamba inakosea kwa asilimia 20 juu au chini, hata pale dhoruba yenyewe inapojulikana vizuri.

Hapo kwenye kujulikana kwa dhoruba ndipo penye kisiki. Kimbunga kikihama kilomita 50 kutoka njia iliyotabiriwa, mji uliotarajiwa kuzama unaweza kubaki mkavu na mji wa jirani ukazama. Wakokotoaji wameizoea hali hiyo: hawaendeshi dhoruba moja ndani ya kompyuta, huendesha mamia au maelfu, kila moja ikiwa na njia na nguvu tofauti kidogo, na kukusanya maji ya juu zaidi yanayoweza kufika kila mahali. Wanachokipata ni orodha ndefu ya mambo yanayowezekana. Sasa orodha hiyo itangazwe redioni vipi?

Kabla ya kompyuta, hesabu hizi zilifanywa kwa kalamu. Mwaka 1918 serikali ya Uholanzi ilimwomba Hendrik Lorentz, mshindi wa Nobel ya fizikia ya mwaka 1902, aongoze kamati ya kuchunguza jambo moja: ghuba ya Zuiderzee ikizibwa kwa tuta la kilomita 32, maji ya nje yatafanya nini? Alikuwa na umri wa miaka 65, na angeweza kabisa kuikataa kazi ya matope. Badala yake aliifanya kwa miaka minane. Kikwazo chake kikubwa kilikuwa msuguano wa maji na sakafu, ambao hukua kwa mraba wa kasi na kuifanya milinganyo isitatulike kwa mkono. Lorentz akabuni njia ya kuuweka mahali pake msuguano mwepesi zaidi wa kukokotoa, uliopimwa ili upoteze nguvu ileile katika mzunguko mzima wa kupwa na kujaa. Ripoti ya mwaka 1926 ilisema kwamba mbele ya tuta jipya maji ya kujaa yatapanda zaidi kuliko zamani, kwa hiyo matuta ya jirani yaongezwe urefu, na kwamba ncha ya mashariki ya tuta ihamishiwe kaskazini zaidi kuliko ilivyopangwa. Yote yakafuatwa. Lorentz alifariki mwaka 1928. Tuta lilifungwa mwaka 1932, na maji yakafanya kwa kiasi kikubwa alivyosema.

Nimemleta Lorentz kwa sababu habari yake ndiyo inayotumiwa na wanaosema mwanasayansi abaki kwenye namba zake. Aliulizwa, akajibu, akasikilizwa. Hakuhitaji kupiga kelele. Ni kweli. Lakini tazama ni nani aliyeulizwa na kwa njia gani. Swali lilitoka serikalini mbele ya watu wote, miaka miwili baada ya mafuriko ya 1916, wakati sheria ya kuiziba ghuba ilikuwa tayari imepitishwa. Jibu lilichapishwa. Yeye mwenyewe alikuwa mtu ambaye waziri hangeweza kumpuuza. Mkokotoaji wa kawaida hapati hata kimoja kati ya hivyo.

Van Veen hakupata. Alizaliwa mwaka 1893, akaingia Rijkswaterstaat mwaka 1929, na mwaka 1936 akapata shahada ya udaktari kwa utafiti wa mchanga na mikondo ya mlango-bahari wa Dover. Chombo chake cha kuchotea mchanga wa sakafu ya bahari, chenye taya mbili za chuma zinazofumba kikigusa chini, kinatumika hadi leo na watafiti wa viumbe vya bahari duniani kote, na wengi wao hulitaja jina lake bila kujua alikuwa nani. Wazo lake zuri zaidi, kwangu mimi, ni la mwaka 1937. Aliona kwamba maji yanayopita katika mtandao wa mito na hori yanafuata kanuni zinazofanana na za umeme unaopita katika nyaya: urefu wa maji ni kama volteji, msuguano ni kama ukinzani, na ghuba inayojaa na kupungua ni kama kapasita, kifaa kinachojazwa umeme na kuutoa. Msomaji wa Kiswahili halioni hilo kuwa geni, kwa kuwa lugha yetu inatumia neno moja, mkondo, kwa maji na kwa umeme. Wazo hilo lilizaa baadaye Deltar, mashine ya umeme iliyokuwa ikikokotoa kupwa na kujaa kwa delta nzima kabla ya kompyuta za kidijiti kuchukua nafasi yake.

Hesabu hizo ndizo zilizomwonyesha hatari. Kanuni ya zamani ya kujenga matuta ilikuwa nyepesi: chukua alama ya maji ya juu kabisa yanayokumbukwa, ongeza kidogo. Mwaka 1939 mhandisi mwenzake, Wemelsfelder, alionyesha katika jarida la wahandisi kwamba kanuni hiyo haina mashiko. Alipanga kumbukumbu za maji ya juu ya miaka mingi na kuona kwamba hakuna kilele ambacho bahari haiwezi kukivuka. Kila urefu una uwezekano wake, mdogo au mkubwa. Van Veen akaongeza kwamba kuchimba mikondo ili meli kubwa zipite kunaifungulia dhoruba njia ileile. Mwaka huohuo iliundwa kamati ya mafuriko ya dhoruba, yeye akiwa katibu, na yale iliyoyaona kuhusu udhaifu wa matuta yakabaki siri.

Sasa tuwape wanaotetea siri hiyo nafasi yao kamili. Mwaka 1939 vita ilikuwa mlangoni. Ripoti inayosema tuta gani ni dhaifu ni ramani mkononi mwa adui. Hiyo haikuwa hofu ya bure: Oktoba 1944 ndege za Washirika zilipiga mabomu matuta ya kisiwa cha Walcheren ili bahari iwafurushe Wajerumani, na kisiwa kikakaa ndani ya maji kwa zaidi ya mwaka. Baada ya vita nchi ilikuwa magofu. Kulikuwa na madaraja ya kujenga na watu wasio na nyumba, na tuta linalosubiri dhoruba ambayo huenda isije kwa miaka 100 halishindani na mtoto anayelala nje leo. Tena, van Veen hakuwa na uhakika wa mwaka wala wa mahali. Angetangaza, kisha ipite miaka kumi bila maji, nani angemsikiliza tena?

Na kuna hoja iliyo nzito kuliko zote hizo. Kwa kuwa alivumilia ndani ya idara, van Veen alikuwa ndani siku ilipohitajika. Chini ya wiki tatu baada ya mafuriko iliundwa Kamati ya Delta, naye akawa katibu wake. Michoro ilikuwa tayari. Taifa lililokuwa likiomboleza halikuanza na karatasi tupu; lilianza na miaka 15 ya hesabu zake. Angekuwa amefukuzwa mwaka 1947 kwa kuzungumza na magazeti, michoro hiyo ingekuwa wapi? Hoja hii sijaweza kuivunja, na sidhani kama inavunjika.

Ila inasahau kitu. Inapima kunyamaza kwa kipimo cha serikali peke yake, kana kwamba hakuna mwingine ambaye angeweza kuitumia ile habari. Mkulima akijua kwamba tuta lililo mbele ya nyumba yake ni fupi, hahitaji bajeti ya wizara ili afunge mashua nyuma ya nyumba. Anaweza kutoboa njia ya kupandia darini. Anaweza kukubaliana na jirani nani abaki macho usiku wa upepo wa kaskazini-magharibi ukiangukia siku za bamvua. Halmashauri ya kijiji inaweza kuomba kengele ya kanisa ipigwe. Hivi ni vitu vidogo, na baadhi ya waliopona usiku ule walipona kwa vitu vidogo kama hivyo: dari, mti, mashua. Siri iliwanyima watu nafasi ya kujiandaa kwa uwezo wao wenyewe, na nafasi hiyo haikuwa mali ya serikali. Hapo ndipo msimamo wangu unapokaa.

Kuna picha ya kinyume chake pia. Ivor van Heerden alizaliwa Afrika Kusini, akasomea sayansi ya bahari, na kufikia mwaka 2005 alikuwa naibu mkurugenzi wa kituo cha vimbunga cha Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana. Wenzake waliendesha ADCIRC kwenye kompyuta kubwa, yeye akizungumza na kila aliyekubali kusikiliza. Kwa miaka kadhaa alisema kwamba New Orleans, mji ambao sehemu kubwa iko chini ya usawa wa bahari, unaweza kujaa maji kama bakuli. Katrina ilipokaribia, makadirio ya kituo chake yalitolewa mapema. Baada ya maji kuingia, jeshi la wahandisi la Marekani, lililojenga kuta za mji, lilieleza mwanzoni kwamba maji yalizidi kimo cha kuta yakamwagikia ndani. Van Heerden na timu yake wakatembea nyumba kwa nyumba wakipima alama za maji ukutani na kuandika saa zilizosimama pale maji yalipozifikia. Saa na alama zilionyesha kwamba katika mifereji ya 17th Street na London Avenue kuta zilianguka kabla maji hayajafika juu yake. Zilianguka kwa sababu udongo chini yake ulishindwa kuzishika. Mwaka 2006 jeshi hilo lenyewe likakiri kwamba mfumo wake ulishindwa.

Alikuwa amesema kweli. Lakini wakuu wa chuo walikuwa wamemtaka aache kuzungumza na vyombo vya habari. Moja ya hoja zao ni kwamba yeye si mhandisi wa ujenzi. Mwaka 2009 aliarifiwa kwamba mkataba wake hautaendelezwa. Alifungua kesi, na mwaka 2013 ikamalizika kwa mapatano, akalipwa dola 435,000.

Ningependa kuishia hapo na kusema aliyesema ndiye shujaa na aliyenyamaza ndiye mwoga. Haiwezekani, na sababu imo ndani ya kisa hikihiki. Kwanza, ile hoja kwamba si mhandisi wa ujenzi, hata kama ilitolewa kwa nia mbaya, inagusa jambo la kweli. Modeli ya maji inajua maji yatafika urefu gani ukutani. Haijui kama ukuta utasimama. New Orleans ilipoonyeshwa ndani ya kompyuta ilionekana kama mji wenye kuta zinazomwagikiwa. Mji halisi ulikuwa na kuta zinazoanguka. Aliyegundua tofauti hiyo ilibidi atoke kwenye kompyuta akashike saa zilizosimama. Mkokotoaji anayesema hadharani anapaswa kuutamka mpaka huu kwa sauti ileile anayotamkia namba, na wengi hawautamki.

Pili, wakokotoaji wenyewe hawakukubaliana. Mashariki ya mji kulikuwa na mfereji wa meli ulioitwa MRGO, uliokutana na mfereji mwingine kwa umbo la faneli. Miezi michache kabla ya Katrina mwanasayansi wa kituo hichohicho, Hassan Mashriqui, alionya kwamba faneli hiyo ingekuza maji ya dhoruba kuelekea mjini. Uchunguzi wa upande wa jeshi la wahandisi, uliotumia modeli ya jamii hiyohiyo, baadaye ukasema mfereji ule haukuongeza sana kimo cha maji yaliyotoka nje. Sehemu ya ubishi ilitokana na swali lililoulizwa: kuondoa mfereji peke yake ndani ya kompyuta, au kurudisha pia kinamasi chote kilichokufa kwa chumvi tangu ulipochimbwa? Modeli moja, maswali mawili, majibu mawili. Mwananchi anayesikia wataalamu wakipingana namna hii anaweza kuamua hakuna anayejua chochote, na siwezi kumlaumu. Hata hivyo mwaka 2009 mfereji uliwekewa kizuizi cha mawe, kisha pale kwenye faneli kukajengwa ukuta wa kuzuia maji wa karibu kilomita tatu.

Tatu, kusema kuna gharama ya maisha pia. Chini ya wiki nne baada ya Katrina, kimbunga Rita kilielekea Texas. Picha za New Orleans zilikuwa bado vichwani mwa watu. Zaidi ya watu milioni mbili walitoka eneo la Houston kwa wakati mmoja, barabara zikaziba kwa kilomita nyingi, mafuta yakaisha, joto likawa kali. Basi lililobeba wazee kutoka nyumba ya kutunzia wazee lilishika moto na 23 wakafa. Waliokufa kutokana na safari yenyewe ya kukimbia walikuwa wengi mno kuliko waliouawa na maji na upepo, na Rita ikapinda mashariki ikaiacha Houston. Wengi wa walioondoka waliishi mahali ambapo maji ya bahari yasingefika. Hapa namba haikukosekana. Ramani za maeneo ya kuhamishwa zilikuwepo. Kilichokosekana ni watu kuweza kujua kama wao wamo au hawamo.

Ndiyo sababu nadhani ubishi wa kusema au kunyamaza umekaa vibaya tangu mwanzo. Namba iliyotolewa kwa haraka usiku wa mwisho, kwa watu ambao hawajawahi kuiona, ni nusu ya kunyamaza. Novemba 2013 kimbunga Haiyan kilipokaribia Tacloban, Ufilipino, onyo la maji ya dhoruba ya mita kadhaa lilikuwa limetolewa. Watu walilisikia. Ila neno lililotumika, "storm surge", lilikuwa la Kiingereza cha wataalamu, na waliopona wengi walieleza baadaye kwamba wangeambiwa "tsunami" wangekimbia, kwa kuwa hilo walilijua. Watu wasiopungua 6,300 walikufa nchini humo. Modeli haikuwa na kosa kubwa. Kilichokosa ni neno. Sisi tunaoandika Kiswahili tusijione tumesalimika: tuna bamvua, tuna maji mafu, tuna kupwa na kujaa, lakini kwa maji yanayosukumwa na dhoruba hadi kuvuka ufuko hatuna neno moja ambalo mtu akilisikia redioni atainuka bila kuuliza. "Mafuriko" humpeleka msikilizaji kwenye mvua na mito. "Mawimbi makubwa" humfanya aiache ngalawa ufukoni, arudi nyumbani, alale.

Bangladesh imelifanya jambo hili vizuri zaidi kuliko nchi nyingi tajiri, na sikubaliani na wanaosema ni kwa sababu ya modeli bora. Kimbunga cha 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 huko. Cha 1991 kiliua karibu 138,000. Sidr ya mwaka 2007, iliyokuwa na nguvu kubwa, iliua takribani 3,400. Modeli ziliboreka, kweli. Lakini kuanzia 1972 kulijengwa mtandao wa watu wa kujitolea wenye vipaza sauti na bendera, wanaojulikana kwa majina katika vijiji vyao, na majengo ya kukimbilia yaliyoinuliwa juu ya nguzo. Mkokotoaji aliye kilomita maelfu akituma namba yake, kuna mtu wa kuipokea na kuigeuza iwe sentensi ambayo jirani yake ataielewa. Van Heerden hakuwa na mtu kama huyo, ndiyo maana ilimbidi awe sauti na hesabu kwa pamoja.

Upande wa Uholanzi, somo lilichukuliwa kwa njia nyingine, na mtu aliyelileta hakuwa mhandisi. David van Dantzig, mwanahisabati wa Amsterdam, aliombwa na Kamati ya Delta aseme matuta yawe na urefu gani. Alilichukua wazo la Wemelsfelder, kwamba hakuna kilele cha mwisho, akaligeuza kuwa swali la kuchagua: kila mita ya tuta ina gharama, kila mita inayokosekana ina hasara inayowezekana, tuta lisimame pale jumla ya viwili hivyo inapokuwa ndogo zaidi. Kwa Uholanzi ya kati kamati ilichagua matuta ya kuhimili maji yenye uwezekano wa kutokea mara 1 katika miaka 10,000, yaani kama mita 5 juu ya usawa wa kawaida huko Hoek van Holland, mahali ambapo mwaka 1953 maji yalifika mita 3.85. Sheria ya Delta ikapitishwa mwaka 1958.

Nasisitiza neno "ilichagua". Uwezekano wa 1 kwa 10,000 hautoki kwenye modeli yoyote. Modeli inaweza kusema maji ya mita 5 ni adimu kiasi gani; haiwezi kusema adimu kiasi hicho kinatosha. Hilo ni la bunge, la mvuvi, la mlipa kodi. Ilidhihirika tena miaka ya 1970, pale wavuvi na watetezi wa mazingira walipopinga hori ya Oosterschelde kuzibwa moja kwa moja, kwa sababu chaza na kome wangekufa na ndege wangehama. Hesabu za usalama zilikuwa upande wa tuta zima. Watu wakachagua kizuizi chenye malango 62 yanayobaki wazi siku za kawaida, cha gharama kubwa mno, kikafunguliwa rasmi mwaka 1986. Wakokotoaji hawakushindwa katika ubishi huo. Walikokotoa upya, safari hii wakiwa na swali ambalo umma umeliuliza wenyewe, kama lile la Lorentz.

Kwa hiyo nikibanwa nijibu: van Veen alipaswa kusema, na alipaswa kulindwa ili aseme akiwa bado ofisini. Kumdai mtu mmoja achague kati ya kazi yake na dhamiri yake ni nchi kumwachia mtumishi wake mzigo wake yenyewe. Dawa yake ni ya kawaida kabisa: makadirio ya maji yachapishwe kila mwaka kwa lazima ya sheria, pamoja na kiasi cha makosa yake na mambo ambayo modeli haiyajui, ili siku ya kuyatoa isitegemee ujasiri wa mtu yeyote. Najua kuna gharama. Thamani ya nyumba nyuma ya tuta fupi itashuka. Wapo watakaohama ambao wangeweza kubaki salama. Lakini hizo ni gharama ambazo watu wataziona na kuzibishania, si gharama watakayoamshwa nayo.

Mlangoni mwa bandari ya Rotterdam kuna kizuizi cha Maeslant, kilichokamilika mwaka 1997: malango mawili yaliyopinda, kila moja lenye urefu wa mita 210. Anayeamua kuyafunga ni kompyuta, na wanadamu huwepo kuisimamia. Modeli ikitabiri kwamba maji huko Rotterdam yatazidi mita 3, mfumo huanza kazi wenyewe. Novemba 2007 kilifungwa kwa dhoruba kwa mara ya kwanza, baada ya kizingiti kushushwa kwa makusudi hadi mita 2.6 ili kijaribiwe. Desemba 21, 2023 makadirio yalivuka mita 3, na malango yakajifunga yenyewe usiku, bila jaribio safari hii. Namba hiyo ya mita 3 ilikuwa imebishaniwa na wenye bandari, wenye meli na wenye nyumba miaka mingi kabla, mchana, watu wakiwa macho.